Hadithi ya Kitanda na Wasomaji Wake

Nyinyi vijana mliopokea funguo za maktaba yetu ndogo pale Kilosa, mmeniomba niwaandikie ninayoyajua kuhusu kazi. Nimekaa siku tatu na kalamu, nikaona kwamba ninayoyajua ni machache kuliko miaka niliyokaa pale.

Najua kupika gundi. Chemsha majani ya mwarobaini, chuja, na maji hayo ndiyo ukorogee unga wa muhogo. Mende akionja mgongo wa kitabu ulioshikizwa na gundi hiyo, haongezi. Najua pia kwamba kitabu hakiwekwi sakafuni hata kwa siku moja. Mwaka wangu wa kwanza nilipanga vitabu vipya chini, vimeegemea ukuta, kwa sababu rafu zilikuwa bado kwa fundi. Nikasafiri wiki mbili. Niliporudi vilikuwa vimesimama vilevile, migongo imenyooka kama askari. Nikavuta kimoja, nikabaki na jalada mkononi. Ndani mlikuwa na udongo. Mwalimu Anjelo, mzee aliyenitangulia katika kazi na ndiye aliyenifundisha, alikuja akatazama kazi ya mchwa, akaniambia, "Usilie, Zuhura. Angalau hawa wamesoma mpaka mwisho."

Na najua kwamba wasomaji huacha vitu ndani ya vitabu. Nimekuta tiketi za basi, nywele za kusukia, jani la mchicha, na mara moja nusu ya chapati. Msiwagombeze mbele za watu. Toeni chapati, futeni mafuta, mwelezeni mtu kwa upole.

Mengine yote nilifundishwa na wasomaji wenyewe, na wengi wao walinifundisha wakiwa wamekasirika. Ndiyo maana badala ya kuwaandikia orodha ya kanuni, nitawasimulia habari ya hadithi moja na watu walioisoma. Ilikuwa miaka michache kabla sijastaafu.

Mnaujua ubao ulio karibu na mlango. Niliuweka ili msomaji yeyote mwenye shairi au hadithi yake alete, niisome, nibandike. Asiyetaka jina lake lionekane, nililiandika kwenye daftari langu la ndani, na ubaoni pakabaki hadithi peke yake. Chini ya ubao nilining'iniza daftari la maoni kwa kamba. Na kalamu niliifunga kamba pia, kwa maana wasomaji wa Kilosa ni waaminifu kwa kila kitu isipokuwa kalamu.

Siku moja akaja Kabula. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mpole, mwenye kuuza maziwa mgando pale Kilosa, mtaa wa Magomeni. Wazazi wake walihamia huku na ng'ombe wao kutoka kanda ya ziwa yeye akiwa mtoto, na alisoma shule zetu za hapahapa. Alikuwa akiazima vitabu viwili kila wiki na kuvirudisha vimefunikwa kwa gazeti ili visinuke maziwa. Siku hiyo hakurudisha kitabu. Alinipa kurasa tatu alizochana kwenye kauntabuku.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ni shairi?"

"Hadithi. Lakini jina langu lisionekane."

Hadithi iliitwa "Kitanda". Anayesimulia ni mama mgonjwa aliyelala. Hawezi kusema wala kufumbua macho, lakini anasikia. Watoto wake wanne wamekuja kutoka walikokuwa. Mwanzoni anafurahi, anazihesabu sauti zao: wote wapo, na miaka mingi imepita tangu wakae chini ya paa moja. Kisha anasikia wanachozungumza. Wanagawana. Sufuria hizi zako, mbuzi wa yule, na kitanda cha chuma anacholalia kila mmoja anakitaka. Mmoja anasema kimelegea. Mwingine, kuonyesha kwamba kiko imara, anakishika upande wa kichwani na kukitikisa. Mama anatikisika pamoja na kitanda. Hadithi inaishia hapo, kwa sababu msimulizi ameshakufa na hakuna aliyeona.

Nilipomaliza kuisoma niliinuka kwenda kufunga dirisha, nikakuta limefungwa.

Sasa sikilizeni kosa langu, maana ni kubwa kuliko lile la mchwa. Niliogopa. Niliwaza watu wanaopita pale maktabani wakitoka kuuguza wagonjwa wao, wanakaa kidogo kupumzisha kichwa. Niliwaza wazee wa kamati waliotupatia jengo. Nikajiambia kwamba mwandishi ni mchanga, hajui, atanishukuru. Nikakaa kwenye mashine yangu ya kuchapia, nikaichapa hadithi upya, na mwisho nikauandika mimi. Katika mwisho wangu, binti mdogo anamwona mama analia, anapiga kelele, wote wanapiga magoti na kuomba radhi. Mama anatabasamu, anakata roho. Nikabandika. Nikajisikia mtu mwema kabisa.

Wiki nzima daftari la maoni lilipata maandishi matano. "Nzuri." "Inafundisha." "Ina maadili mema kwa jamii." "Hongera mwandishi, ongeza juhudi." La tano lilikuwa matokeo ya mpira wa Jumapili.

Kabula alikuja siku ya saba, ndoo tupu mkononi. Akasimama mbele ya ubao kwa muda mrefu kuliko kurasa tatu zinavyohitaji. Kisha akanigeukia.

"Mama, hii ni ya nani?"

"Si yako, mwanangu?"

"Yangu haiishi hivi," alisema. "Kwenye yangu, wanachelewa."

Nikaanza kumweleza habari ya wagonjwa na wazee wa kamati. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa maneno. Hakunikasirikia, na hilo ndilo lililonichoma. Akasema tu, "Kama wangewahi, mama, nisingekuwa na cha kuandika." Akaweka ndoo kichwani, akaondoka.

Jioni ile nilikwenda nyumbani kwa Mwalimu Anjelo. Alikuwa amestaafu zamani, macho yamefifia, anasomewa magazeti na mkewe. Nilimsomea miisho yote miwili. Ule wa Kabula aliusikiliza bila kusogea. Wa kwangu ulipofika kwenye magoti, akaanza kucheka.

"Zuhura, sisi kazi yetu ni kuazimisha. Nani amekutuma kuonja na kuongeza sukari?"

"Nilihofia wasomaji, mwalimu."

"Wasomaji wa Kilosa wamezika watu wangapi? Wewe unadhani watashangaa kusikia kwamba watu hufa? Rudisha mwisho wake. Na wakija wamekasirika, usisahau nilichokufundisha."

Alichonifundisha ni hiki, na kiandikeni mahali: msomaji aliyekasirika mpe kiti kwanza, halafu maji, halafu kitabu chenyewe. Mtu aliyeketi hupiga kelele kidogo kuliko aliyesimama.

Kesho yake nikabandika hadithi kama ilivyoandikwa, na nikamwendea Kabula kibandani kwake kumwomba radhi. Akanimiminia kikombe cha maziwa, akasema yamekwisha.

Kumbe ndiyo yalikuwa yanaanza. Siku ya tatu daftari la maoni lilijaa, nikafunga jingine. Mtu mmoja aliandika, "Hadithi hii ni uchuro, itolewe kabla haijatuletea msiba." Chini yake mwingine akaandika, "Msiba huja bila kuletwa, ndugu." Mwanafunzi akauliza kama itatoka kwenye mtihani. Mwingine akaandika kwa herufi kubwa kwamba mwandishi hamjui Mungu, na aliyefuata akajibu kwamba wasiomjua ni wale watoto wanne. Mama mmoja muuza mboga, ambaye hajawahi kuazima kitabu, aliingia, akamwomba msichana aliyekuwa akisoma pale amsomee, akasikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika fungu la matembele. Alipotoka alisema neno moja tu: "Kweli."

Nilikuwa nimezoea hadithi ya ubaoni kukaa ubaoni. Hii haikukaa. Vijana waliipiga picha kwa simu, na kufikia mwisho wa wiki ilikuwa imefika Mikumi. Nililijua hilo nilipopeleka sanduku langu la vitabu kule, kama nilivyofanya kila mwezi. Kabla sijafungua kifuniko, wanawake wawili wa genge la chakula cha madereva waliniuliza kama ni mimi niliyeanika habari za ukoo wao.

"Nyinyi mligombea kitanda?" nikawauliza.

"Sisi lilikuwa shamba la mpunga. Lakini tunajijua."

Watu wa familia tatu walinijia kwa namna hiyo, kila mmoja akiwa na hakika kwamba wameandikwa wao. Wa tatu ndiye aliyenitoa jasho.

Bwana Shomari mnamjua wengine wenu. Ni mtu mwenye duka la vifaa vya ujenzi Magomeni, mtu wa msikitini, mkarimu, mjumbe wa kamati ya maktaba. Mabati yaliyo juu ya vichwa vyenu ni yeye aliyeyatoa. Mama yake alikuwa amefariki miezi michache kabla. Na jambo lililonikosesha usingizi ni kwamba kibanda cha maziwa cha Kabula kilikuwa kwenye baraza ya duka lake. Alimpa nafasi ile kwa hisani. Angejua ni nani aliyeandika, angeweza kumwondoa kwa neno moja.

Aliingia saa nne asubuhi, hakutoa hata salamu.

"Bi Zuhura, nani ameandika upuuzi ule?"

Nikavuta kiti. Hakukaa. Nikaleta maji. Akayatazama. Nikasimama pale na kikombe mkononi mpaka akaona aibu kuniacha nimesimama, akakaa.

"Umeisoma, Bwana Shomari?"

"Nimesimuliwa. Mke wangu anayo kwenye simu, mtaa mzima wanayo."

"Basi nakuomba uisome kwanza. Kwa sauti, na mimi nisikie."

Alidhani namfanyia mchezo. Lakini alikuwa mtu wa haki, hakutaka kushtaki jambo asilolisoma. Nikabandua kurasa ubaoni, nikampa. Alianza kwa sauti ya mtu anayesoma hati ya mashtaka. Alisoma habari ya mgonjwa, akasoma mlango unavyofunguliwa, akafika pale mama anapohesabu sauti za watoto wake na kufurahi kwamba wote wapo. Hapo akakwama. Akakohoa. Akaanza sentensi ileile upya, akashindwa mahali palepale. Akaiweka karatasi juu ya goti.

Nilitazama pembeni. Hilo nalo ni sehemu ya kazi.

Ndipo akasema, "Kwetu ilikuwa cherehani."

"Sikujua, Bwana Shomari. Wallahi sikujua."

"Cherehani ya miguu ya mama. Dada yangu Mwajuma aliitaka, mimi nikasema ni ya nyumba kubwa. Tulibishana chumba cha pili, mlango wazi. Mama alikuwa bado anapumua." Kisha hasira ikamrudia, maana hasira ni nyepesi kubeba kuliko lile jingine. "Kwa hiyo mmechukua cherehani mkaiita kitanda, mkadhani hatutajijua?"

Ningecheka kama ningethubutu. Nikamwambia kwamba mwandishi hamjui mama yake wala cherehani yake. Akataka jina. Nikakataa. Akasimama, akasema Jumamosi kamati inakaa na wasomaji, na yeye atasema mbele ya wote: ama jina litajwe, ama ubao ushuke, na anayeutunza akapumzike nyumbani.

Nilikwenda kumweleza Kabula, maana ilikuwa haki yake kujua. Alikuwa anaosha vikombe, na sauti ya Bwana Shomari ilisikika ndani ya duka akimhudumia mteja wa misumari. Nikamnong'oneza kwamba jina lake lipo salama, hata kama nitaondolewa. Aliendelea kusuuza kikombe kilekile.

Jumamosi watu walijaa, wengine wakasimama dirishani. Sikuwahi kuona umati wa namna ile kwa ajili ya kurasa tatu. Bwana Shomari aliposimama alizungumza vizuri, bila matusi. Alisema kifo ni siri ya nyumba, maneno ya kwenye kitanda cha mgonjwa hayaanikwi ukutani kama nguo. Baadhi ya wazee waliitikia kwa vichwa. Na mimi nawaambia ukweli, alikuwa na hoja. Kisha akanigeukia.

"Bi Zuhura, jina."

"Jina sitoi, Bwana Shomari. Nilipewa kwa amana."

"Basi ubao ushuke."

Sauti ikatoka nyuma, karibu na rafu ya vitabu vya watoto. "Baba, usiushushe. Ni mimi."

Kabula alikuwa amesimama, mikono imekumbatia kauntabuku yake. Watu walipisha, ingawa hakuna aliyewaambia wapishe. Bwana Shomari alimkazia macho kana kwamba anamwona kwa mara ya kwanza, yeye aliyekunywa maziwa yake kila asubuhi.

"Wewe, Kabula? Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, baba. Sikuandika habari zako, sikuzijua." Maneno yalitoka moja moja, safi. "Mama yangu alifariki mwaka juzi. Tulikuwa wanne. Alikuwa na kitanda cha chuma alichonunua kwa ng'ombe wake mwenyewe, na kila mmoja wetu alikitaka. Kaka yangu akasema kimelegea." Alivuta pumzi. "Aliyekitikisa ni mimi."

 Nje pikipiki ilipita, ikaenda zake.

"Nilipata kitanda," akaendelea. "Kipo kwangu. Sijakilalia hata siku moja. Naweka ndoo za maziwa juu yake. Watu wanaandika kwenye daftari, yule mtoto ni mnyama. Nakuja kila siku kusoma. Ni kweli, lakini huyo mnyama ni mimi, siyo wewe, baba. Ukitaka nihame barazani, nitahama."

Nilikuwa nimekwisha kujiandaa kwa mengi, ila si kwa lile lililotokea. Bwana Shomari alitafuta kiti kwa mkono, kama kipofu, akakaa. Alikaa hivyo mpaka mwenyekiti akaanza kupanga karatasi zake za kumbukumbu. Kisha akasema, na hakuwa akisema nasi:

"Tangu arobaini ya mama sijamjulia hali Mwajuma. Yupo Mikumi, hapo tu." Akamgeukia Kabula. "Nani amesema uhame? Kaa."

Kamati haikupiga kura. Mwenyekiti aliuliza kama kuna jambo jingine, na muuza mboga yule wa matembele akasema lipo: herufi za ubaoni ni ndogo mno, wenye macho mabovu wanapata tabu. Watu wakacheka kicheko cha watu waliobana pumzi muda mrefu. Tangu siku hiyo nilichapa kwa herufi kubwa, nanyi msiache.

Jumatatu niliona kwa macho yangu cherehani ikipandishwa juu ya basi la Mikumi, imefungwa kwa kanga mbili, na Bwana Shomari akimkaripia mpakiaji asiilaze ubavu. Alirudi siku ya pili. Alipita maktabani, safari hii akatoa salamu.

"Amesemaje dada?" nikamuuliza.

"Amefungua kanga, ameikagua dakika nzima, akaniambia imekosa sindano." Alijaribu kukunja uso, akashindwa. "Halafu akanipikia wali. Tumekula mpaka tukasahau kulia."

Hapo nawaomba msielewe vibaya. Sisemi kwamba hadithi ya huzuni inamponya kila mtu. Aliyeandika "itolewe" hakubadilisha mawazo yake, na mimi sikumlaumu. Mwanamke mmoja aliyekuwa akimuuguza mume wake aliniambia hawezi kuisoma, na nikamwazima kitabu cha vichekesho. Kujua nani umpe nini, na lini, hilo ndilo hamtalikuta kwenye semina yoyote. Siku hizi mna makundi ya simu, mtu anatuma hadithi kwa watu mia mbili kwa kidole kimoja. Ni vizuri, nami nimo humo. Lakini simu haioni uso wa anayesoma.

Hata hivyo nisiidharau simu, maana ndiyo iliyoniletea Hamisi. Huyu alikuwa fundi wa malori kule Mikumi, mtu wa makamo, ambaye sikuwa nimemwona hata mara moja. Alipata namba yangu kwa wale wanawake wa genge. Akanipigia, nyuma yake nasikia nyundo.

"Shikamoo, mama. Wewe ndiye wa hadithi ya kitanda?"

"Marahaba. Na nyie mligombea nini?"

"Hatujagombea, mama. Wangu bado yu hai. Yuko kijijini, Lumuma. Nimeisoma nikiwa chini ya lori, nikatoka, nikanawa mafuta, nikapanda gari siku ileile. Sikuwa nimekwenda miaka mitatu."

"Ukamkutaje?"

"Nimemkuta anakata vitunguu. Ananiambia, umefukuzwa kazi?"

Alimsomea mama yake hadithi ile, kwa sababu mama alitaka kujua ni kitu gani kimemleta mbio hivyo bila hata soda. Na mama, aliyeitwa Bibi Tatu, akampa ujumbe: mwandishi aende Lumuma, kuna mahali amekosea.

Nilimpelekea Kabula ujumbe huo kwa wasiwasi. Amekwisha kusema mbele ya kadamnasi, sasa anaitwa mbali kuambiwa amekosea. Alifikiri siku mbili. Kisha akafunga kibanda, akaomba mke wa Bwana Shomari amwangalizie vyombo, tukaondoka wote wawili. Njia ya Lumuma mnaijua, sitaielezea. Nasema tu kwamba nilifika nikiwa na vumbi mpaka kwenye kope.

Bibi Tatu alikuwa kikongwe mdogo, mkavu, mwenye macho makali. Ameketi juu ya gunia nyuma ya nyumba, kisu mkononi, anakata mikia ya vitunguu vilivyovunwa.

"Shikamoo, bibi," Kabula akasema, akipiga goti kidogo kama walivyomlea kwao.

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye kitanda? Keti. Visu vipo hapo."

Tukaketi, tukachukua visu. Hakuanza na maneno ya kutuliza. Alisema kwamba masika yaliyopita aliugua, akaishiwa nguvu kabisa. Watoto wa ndugu na majirani wakakusanyika, sanda ikanunuliwa. Akaachwa amelala kama yule wa kwenye hadithi, hasemi, hafumbui macho.

"Na kweli nilisikia," alisema. "Hapo hukukosea. Walikuwa wanabishana, nani aende kumwita Hamisi, nani abaki na kuku, mpaka nikapona hakuna aliyekwenda. Lakini mjukuu wangu, zile sauti zilikuwa mbali. Kama unavyosikia watu wa mnadani ukiwa huku mlimani. Unajua wapo, hujui bei. Sikuwa na shida nazo."

Kabula alikuwa ameacha kukata.

"Karibu yangu kulikuwa na kitu kimoja tu. Mkono wa mtu aliyekuwa ananilowesha midomo kwa kitambaa. Sijui alikuwa nani, nimeuliza, kila mmoja anasema ni yeye." Bibi Tatu alicheka, meno mawili. "Huo mkono ndio niliousikiliza. Ungeniuliza wakati ule dunia ni nini, ningekuambia ni kile kitambaa. Wewe umeandika wote wanagombana, mgonjwa midomo imekauka. Hakuna aliyemlowesha yule mama?"

Kabula aliweka kisu chini. 

"Nilimlowesha mimi," akasema. "Nilikuwa na kikombe. Siku zote tatu nilikuwa na kikombe. Nilikiweka chini ili nishike kitanda, halafu nikakichukua tena."

"Mbona hukukiandika?"

"Niliona sistahili."

Bibi Tatu akafuta kisu kwenye kanga na kusogeza rundo la vitunguu mpaka miguuni pa Kabula.

"Basi yule mama alikuwa na wewe," alisema. "Haya, kata. Gari la kurudi halipiti mpaka saa tisa, na vitunguu vyote hivi ni vya kwangu."

Tukakata. Kabula alilia akikata, kwa sauti, kama mtoto, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Baadaye kidogo nikamsikia anamuuliza Bibi Tatu ni mbegu gani inayotoa vitunguu vikubwa namna ile, na bibi akaanza kumweleza.